Katoni za Rafu ya Juu

Mume wangu Onésime hajui kusema "iko hapana". Mteja akiingia dukani kwetu akaulizia kitu, hata kitu ambacho Onésime hajapata kukiona tangu azaliwe, jibu ni lile lile: "Iko, ngoya kidogo." Anamvutia mteja kiti, anamuuliza hali ya watoto, kisha anapotelea mlango wa nyuma kama mtu anayeingia stoo. Stoo hatuna. Nyuma ya mlango ule kuna choo cha jirani na kijia cha matope, na mwisho wa kijia kuna duka la Salomon, anayeuza vifaa vya ujenzi kama sisi, ila yeye anauza kweli. Onésime hukimbia hadi huko, huchukua kinachotakiwa, hurudi mbio, husimama nyuma ya mlango mpaka pumzi itulie, halafu huingia polepole akipangusa vumbi ambalo halipo. "Ilikuwa chini ya bingine," anasema. Pesa anampelekea Salomon baadaye, naye anabaki na kidogo cha mbio zake.

Niko naye mwaka wa kumi na tisa na bado ananichekesha. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele nitamsema, na sitaki mtu afikiri simpendi.

Duka liko Butembo, kwenye mteremko wa udongo mwekundu ambapo mvua ikinyesha hata pikipiki zinasukumwa. Ukutani ameandikisha kwa rangi ya buluu: ETS ONÉSIME ET FILS. "Fils" ni wana wa kiume, nasi hatuna hata mmoja. Tuna binti, Joyeuse, ambaye yuko sekondari, na kila akipita pale anauliza huyo ndugu yake amefichwa wapi. Baba yake anamjibu kwamba duka lisilo na "et fils" linaonekana kama la mtu anayepita tu.

Na kweli tulikuwa watu wa kupita. Kabla ya hapa tuliishi Mbau, kwenye barabara inayotoka Beni kwenda Oicha. Mimi nilikuwa nashona. Onésime alikuwa na shamba la kakao aliloachiwa na baba yake, na kando ya barabara alikuwa na meza ya misumari, kufuli, kamba na betri. Meza ile haikuwa na ukuta, jina wala karatasi ya ofisi yoyote, na ilitulisha. Aliyekosa msumari aliita jina lake kutoka ng'ambo ya barabara, akarushiwa. Kisha ikaja miaka ile ya watu kwenda shambani asubuhi na kutorudi. Sitasimulia. Siku walipokosekana majirani watatu kwa mara moja, tulifunga godoro na cherehani yangu kwenye pikipiki mbili tukaondoka. Tulikaa miezi mitano Beni, komini ya Ruwenzori, kwa shemeji yangu, hadi naye akawa anafunga mizigo yake. Ndipo tukapanda Butembo. Njia nzima niliikumbatia ile cherehani kama mtoto mgonjwa.

Hapa Butembo Onésime alianza kwa kupakua magunia kwenye maegesho ya malori. Mgongo wake si wa magunia. Jioni alikuwa anakaa kimya akiangalia mikono yake, na mimi ukimya wa Onésime siuwezi, kwa sababu ni mtu wa maneno. Siku moja akasema angekuwa na duka, duka lenye mlango, asingeomba kitu kingine duniani. Hakuniomba niuze cherehani. Nataka hili lieleweke. Mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kwa Florentine, mama mwenye karakana ya ushonaji ambaye tunaimba naye kwaya, nikamuuzia, na wiki iliyofuata nikaanza kazi kwake. Akaniketisha kwenye cherehani ile ile. Mpaka leo nashonea nguo za wateja wa Florentine kwa mashine yangu ambayo si yangu, na pedali yake bado inalia pale pale ilipokuwa ikilia Mbau.

Siku ya kufungua duka mchungaji alikuja kuomba, kwaya ikaja na mimi mbele. Nilipoingia nilisimama nikashindwa kuimba. Rafu mbili za chini zilikuwa na vitu vya kuonekana: bawaba, kufuli, misumari ndani ya makopo, brashi, rangi debe nne. Juu yake, mpaka karibu na mabati, zilijipanga katoni. Katoni za misumari, za vitasa, za kufuli, zote zimefungwa kwa utepe, zote na picha ya kilichomo. Nilitafuta cherehani yangu mle kwa macho. Nilijiambia gurudumu lake ndilo misumari ile, pedali ndiyo vitasa vile, nikalia kwa furaha mbele ya wanakwaya, nao wakapiga makofi. Onésime akapanda juu ya kiti, akashusha katoni moja kwa mikono miwili, akiguna, akaiweka mezani watu waione, akairudisha akiguna tena. Akaniambia zile za juu tusiziguse, ni za wateja wa jumla.

Wiki ile ile ya furaha aliniambia jambo lingine, tukiwa tunakula. "Duka ikikufa, mi narudia kakao." Alilisema kama mtu anayesema kesho ataoga. Mimi kijiko kilinishinda. Kakao ilikuwa imepanda bei kuliko tulivyowahi kuona, na wanaume waliokimbia Mbau walikuwa wameanza kurudi kimyakimya kuvuna. Mathe, binamu yake, alikwenda akarudi na simu mpya. Wengine walikwenda wasirudi, na ninaowajua ni wake zao. Wawili wako kwenye sauti ya kwanza nami, wamesimama kulia kwangu. Tangu siku ile wenzangu walipokuwa wakiomba afya na amani, mimi nilikuwa naombea misumari inunuliwe.

Sasa nije kwenye mvua.

Ilikuwa mwezi wa tano wa duka, mchana, mimi peke yangu dukani. Florentine hakuwa na kitambaa siku hiyo, na Onésime alikuwa amekwenda kuulizia lori la mizigo kutoka Kasindi, mpakani, lililokwama njiani. Mvua ikashuka na upepo, bati moja likainuka, na maji yakaanza kudondoka moja kwa moja juu ya rafu ya juu. Nilifikiria katoni zetu, misumari yetu inashika kutu. Nikapanda kiti. Nikatanua miguu kama mtu anayejitwika gunia la maharage, nikakamata katoni ya misumari, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Katoni ikaja mbio, nami nikaenda nayo. Nilianguka chali katikati ya madebe ya rangi, katoni iko kifuani, nyepesi kama kofia. Niliipasua. Ilikuwa na hewa. Nikapanda tena, nikapasua ya pili. Hewa. Ya tatu ilikuwa na jiwe lililoviringishwa gazeti, nadhani ili upepo wa mlangoni usiiangushe. Nilizipima zote kumi na moja kwa kidole kimoja, na zote kumi na moja zilisogea.

Niseme ukweli: wazo la kwanza lilikuwa mwanamke. Nilijua kabisa cherehani yangu iko mahali fulani imekuwa kitenge na marashi. Nilifunga duka, nikapita kijia cha matope mvua ikininyeshea, nikamkuta Salomon kwenye meza yake anakunywa chai. Nikamuuliza mume wangu anamtunza nani. Salomon ni mtu mzito, mweupe wa nywele, hapendi kusema sana. Aliniangalia nilivyolowa, akavuta kiti, akanisogezea kikombe.

"Mama Joyeuse, makatoni ni yangu," akasema. "Nilimupatiaka bule."

Akanieleza, nami nikasikiliza huku nikitetemeka. Mwenye nyumba alitaka miezi sita mbele kabla ya kutoa ufunguo. Kisha kukawa na karatasi ya kufungua, na karatasi ya kuonyesha kwamba karatasi ya kufungua ipo. Akaja mtu wa usafi. Akaja mtu wa kuuliza kizima moto. Akaja mwingine akasema maandishi ya ukutani ni tangazo, na tangazo hulipiwa, na kwa kuwa ni marefu hulipiwa zaidi. Hapo nilitamani kulia na kucheka, kwa sababu ule urefu ulikuwa "et fils". Cherehani ilikwisha kabla msumari wa kwanza haujanunuliwa. Rafu mbili za chini Onésime alizijaza kwa kupakua magunia mwezi mzima zaidi, akiniambia anatafuta wasambazaji.

"Alikuya kuniomba makatoni," Salomon akasema. "Alisema Mama Joyeuse akiona rafu iko wazi, roho yake itakatika. Nikamuambia, chukua. Hata miye nilianzaka na makatoni ya muzee Kitsa. Batu hapana ingia ku duka yenye rafu iko wazi."

Nikamuuliza kama zake za juu, zile nilizokuwa naziona pale nyuma ya kichwa chake, bado ni za mzee Kitsa. Alicheka, akaniongezea chai.

Huwa wanakuja watu wa semina hapa mjini, na kalamu nzuri, kutufundisha kwa nini biashara ndogo hazimalizi mwaka. Nimewahi kukaa mle ukumbini siku mbili. Walisema hatujui kupanga, hatujui kuweka akiba, hatujui kumchekea mteja. Onésime anamchekea mteja mpaka meno yanakauka. Hakuna aliyesema kwamba duka linaweza kuliwa lote likiwa bado ni ufunguo, na kwamba wewe unabaki umesimama ndani ya ganda lake, unawasalimia wapita njia. Nilinyamaza mle ukumbini kwa sababu kulikuwa na soda. Sasa nasema.

Niliondoka kwa Salomon nimekusudia ugomvi. Cherehani ni cherehani. Angeniambia! Ningekasirika siku tatu yakaisha. Nilikuwa napanga maneno njia nzima, nikafika mlangoni, na kumbe Onésime amekwisha kurudi. Alikuwa amenipa mgongo. Alikuwa amelowa mpaka kwenye mifupa, na alikuwa anahamisha katoni kutoka kwenye lile tone, moja mkono huu, moja mkono ule, kama mtu anayebeba mito. Zile nilizozipasua alikuwa ameshazigeuza tundu lielekee ukutani, nadhani akiamini ni panya au maji. Kisha akasikia nyayo zangu. Hakugeuka. Mgongo wake ukapinda wenyewe, mikono yote miwili ikashuka chini ya katoni moja, akaanza kuguna.

Nilimwona akibadilika hivyo, na hasira yangu ikaniishia pale pale mlangoni. Mtu mzima, mwenye mvi, anatwishwa hewa na anaupinda uti wa mgongo kwa ajili yangu. Nilimpenda mpaka nikaumia.

Nikasema pole, naona ni nzito. Akasema nzito sana. Basi nikaenda nikashika upande wa pili. Tuliibeba ile katoni tupu sisi wawili, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, yeye anaguna na mimi naguna, tukaituliza chini polepole ili "isivunje saruji". Akanishukuru kwa Kinande, wasingya, kama tulivyokuwa tukishukuriana ujana wetu Mbau. Sikumwambia kitu. Siku hiyo sikumwambia, na kesho yake ikawa imeshakuwa vigumu.

Miezi ikaenda. Duka lilitembea kwa mbio za Onésime. Kuna wiki mji ulifungwa siku tatu kwa ville morte, ule mgomo wa mji mzima, milango yote chini, na kodi ya nyumba haikufunga hata siku moja. Kuna mwezi barabara ya Kasindi ilikatika na hata Salomon hakuwa na bawaba za kuazima. Lakini kuna wiki nzuri pia. Shule moja ilitengeneza madawati na kuchukua misumari yote kwetu, na Onésime akanunua katoni ya kwanza iliyojaa. Niliijua mara moja, kwa sababu aliibeba bila kuguna. Aliiweka rafu ya chini, akaipigapiga kwa kiganja, akaondoka. Nilikuwa nahesabu moyoni: moja. Nilifikiri polepole zilizojaa zitapanda na tupu zitapungua, na siku moja uongo utakuwa umekuwa kweli bila mtu kuaibika.

Ndipo akaja bwana wa taksi, yaani mtoza kodi. Alitumwa na idara mojawapo, sitaitaja, ziko nyingi na zote zina mhuri. Kijana nadhifu, mpole hata. Nilikuwa nimemletea Onésime chakula. Yule bwana aliuliza patente, ile karatasi ya wafanyabiashara wadogo, akaisoma, kisha akainua macho. Alizihesabu katoni kwa ncha ya kalamu, safu kwa safu.

"Hii hapana duka ya patente, patron," akasema. "Hii ni magasin."

Akaandika. Alituandika kwenye kundi la wenye maduka makubwa, na kiasi alichotuonyesha kwenye daftari, hata tungeuza duka zima na viatu vyetu juu, tusingekifikia. Siku saba. Baada ya hapo mlango ungebandikwa karatasi ya kufungwa.

Onésime alipaswa kusema sentensi moja tu. Chef, zile ni tupu. Basi, mambo yangeisha. Aliangalia katoni, akaniangalia mimi nilivyosimama na sahani, akaangalia tena katoni. Niliona sentensi ikimfika kooni. Kisha akaimeza.

"Sawa, chef," akasema.

Kesho yake alipeleka buti zake kwa fundi zikashonwe. Siku mbili baadaye nilimsikia anaongea na Mathe kwa simu, wanapatana Jumatatu asubuhi, maegesho ya magari ya kwenda Beni. Akaniambia kwa sauti nyepesi kwamba ni mavuno mamoja tu, miezi miwili, atalipa na kufungua tena. Nilimwambia mengi. Nilimtajia majina ya wale wa sauti ya kwanza, mmoja mmoja. Nililia. Alinishika mabega, akasema Mungu yupo hata Mbau. Nikasema najua yupo, alikuwepo pia siku ile ya majirani watatu.

Lakini jambo lenyewe sikulisema, na wiki ile nilishona mkono wa gauni kwenye shingo, Florentine akaniuliza kama ninaumwa. Nilikuwa nawaza hivi: nikilisema, nitamvua mtu huyu nguo mbele yangu mwenyewe. Amejinyima, ameguna, amekimbia matopeni mwaka mzima ili mimi nione rafu zimejaa. Kisha nikawaza upande wa pili, damu ikanipanda. Mtu yuko tayari kwenda kuchinjwa ili mke wake asijue kwamba katoni haina misumari. Huo ni upendo wa namna gani? Nilimkasirikia kuliko siku ya mvua. Alikuwa ameamua peke yake kwamba mimi nampenda pamoja na misumari.

Jumatatu ikafika. Saa mbili asubuhi yule bwana alikuja na mwenzake mwenye gundi. Onésime alikuwa amevaa buti, mfuko wake uko mlangoni. Kulikuwa na mama mmoja anasubiri bawaba za dirisha, na Salomon alikuwa amekuja akasimama kizingitini, mikono nyuma. Yule bwana akauliza kwa adabu kama tuna chochote cha kulipa. Onésime akasema hapana. Akaongeza taratibu kwamba wabandike tu.

Nikavuta kiti, nikapanda.

Onésime alidhani nataka kuokoa mali. Akaja mbio mikono juu, akisema niache, ni nzito, nitaumia. Nilimngoja afike ili aone vizuri. Kisha nikaisukuma katoni ya misumari kwa kidole kimoja.

Ilianguka, ikadunda, ikakaa. Nikasukuma ya vitasa. Nikasukuma ya kufuli. Mwenye gundi alirudi nyuma mara ya kwanza, mara ya pili hakurudi. Ile ya saba ilianguka kwa kishindo na kitu kikatoka ndani ya gazeti, kikaviringika mpaka kwenye kiatu cha yule bwana wa taksi.

"Iyo iko na jiwe," nikamwambia.

Yule mama wa bawaba alianza kucheka, akaona uso wa Onésime, akaacha. Onésime alikuwa ameshusha mikono. Hakuwatazama wale watu hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi juu ya kiti.

"Mama Joyeuse," akasema. "Ulijuaka toka lini?"

"Toka ile mvua."

Alifikiri. Niliona anapiga mahesabu ya siku, na niliona alipofika.

"Ile siku tulibebaka wote wawili?"

"Ile."

Akajifunika uso kwa viganja. Mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo hajaniambia kama alikuwa analia au anacheka, nadhani vyote. Alipoiondoa mikono alikuwa mtu mwingine, mdogo kidogo, kama mtu aliyetua mzigo wa kweli.

"Mashini yako ilimalizika ku makaratasi," akasema. "Hata musumari moya haikununua. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Nilishuka kwenye kiti. Nikasimama mbele yake, karibu kabisa, wale wengine nikawasahau.

"Nilikupatiaka mashini," nikasema. "Ruhusa ya kuenda kufa, hapana."

Alinishika kiganja, mbele ya watu, jambo ambalo wanaume wa huku hawafanyi. Yule bwana wa taksi alikuwa ameokota jiwe, analigeuza mkononi kama anayetafuta mhuri wake. Akakohoa. Akasema kumbe hapa pana tatizo la daftari, na kwamba sasa hajui aandike nini. Onésime alizungusha macho dukani: rafu mbili za chini, katoni yetu moja iliyojaa, madebe manne ya rangi ambayo sasa ni matatu, na juu yake mbao wazi mpaka kwenye mabati.

"Andika ndogo," akasema.

Yule bwana akakata mstari, akaandika. Salomon kizingitini akapangusa jicho moja, akadai ni vumbi la katoni, akarudi kwake.

Simu ya Onésime ikaanza kulia. Ilikuwa Mathe, yuko maegesho, gari la Beni linajaa. Onésime aliipokea akiwa bado amenishika kwa mkono wa pili.

"Mathe, hapana ningoya," akasema. Akasikiliza. "Hapana, haibandikwe. Duka iko." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu, na nilisikia sauti ya Mathe ikitaja bei ya kakao. "Najua. Mais duka iko. Iko ndogo, lakini iko. Shuka na wewe mu ile gari, kuya kwanza tukunywe chai."

Mathe hakushuka. Bado tunamwombea, na kila jioni nampigia mimi mwenyewe mpaka apokee.

Onésime aliweka simu mezani, akaketi juu ya katoni iliyojaa, na akaanza kufungua kamba za buti la kushoto. Fundo halikufunguka. Nilipiga magoti chini, katikati ya maboksi, nikamfungulia mimi.